Daraja Lililokimbia na Latsamy

Latsamy alizaliwa milimani, kaskazini mwa Laos, ambako maji yakifika magotini watu huyaita mto. Thongdam, binamu yangu, alimwoa akamleta kwetu kisiwani, karibu na maporomoko ya Khon, mahali ambapo hata kuomba chumvi sharti upaze sauti.

Wanaume wetu hutega samaki penye maji ya kasi, nasi wanawake huwapelekea chakula kwa kupita daraja la mianzi. Siku ya kwanza, Latsamy alifika katikati akatazama chini. Ghafla maji yakawa kama yamesimama, na daraja likaanza kukimbia kuelekea mto unakotoka, yeye akiwa juu yake! Akapiga magoti. Tulipomuuliza, akasema ameteleza.

Siku nyingine alikaa akiyatazama maporomoko yakishuka. Alipohamisha macho kwenye jabali la pembeni, jabali likaanza kupanda, polepole, wala halikubanduka mahali pake. Wakati huo alikuwa mjamzito. Akaamini mzimu wa mto unamtaka mtoto wake, na hakumwambia mtu. Akawa hali, halali. Ikifika zamu ya kupeleka chakula, mara kichwa kinamuuma, mara mguu.

Mavyaa wake, Mama Buakham, alikuwa na ulimi mkali. "Nimeletewa mkamwana au mgeni?" akauliza asubuhi moja, akamtwika kikapu, akatangulia.

Katikati ya daraja Latsamy akaganda.

"Twende, wali unapoa!"

"Mama, daraja linakimbia."

"Linakimbilia wapi?"

"Linanipeleka huko juu. Na lile jabali linapanda. Mzimu unamtaka mwanangu, mama!" Akaangua kilio.

Sisi tuliokuwa nyuma tulijua leo atayaoga matusi. Kumbe Mama Buakham alicheka mpaka tambuu ikamchuruzika kidevuni.

"Basi mzimu huo una kazi, maana unakitaka kisiwa kizima! Mimi nilipoolewa hapa nilivuka kwa kutambaa. Hata leo nikiyakodolea maji, daraja linanichukua. Waulize hao."

"Hata mimi, wifi," nikasema. "Kila siku."

"Na jabali?"

"Linapanda kwa kila mtu," akajibu mavyaa wake. "Macho yakishazoea kushuka, ukiyasimamisha hukosa adabu kidogo. Yaache, yatatulia yenyewe. Mwanangu, umebeba haya peke yako muda wote huu?"

Latsamy akatikisa kichwa kukubali.

"Haya. Usitazame maji, nitazame kisogo. Kisogo changu hakitiririki."

Wakavuka hivyo, mmoja nyuma ya mwingine. Ng'ambo, Latsamy alikula wali wa kunata kwa samaki wa kuchoma mpaka Thongdam akauliza atabakiziwa nini. Kisha tukakaa sote tukayatazama maporomoko, tukageukia jabali, likapanda, tukapiga kelele kama watoto.

Alijifungua salama, binti mwenye mapafu ya kushindana na mto. Siku ya kufungwa nyuzi mikononi, wazee walikuja kumfunga mzazi na kumwombea heri. Latsamy akaomba kwanza yeye amfunge mavyaa wake. Akaunganisha viganja mbele ya paji la uso, akainama.

"Asante, mama, kwa kunicheka siku ile."

Mama Buakham akatoa mkono ufungwe, macho akayapeleka pembeni.

"Funga taratibu," akasema. "Unanibana."