Nilivyokata mikarafuu ya mama kupisha flyover ya Chake Chake

Wakuu, assalaam alaykum, na walio Bara habari za leo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Leo nafungua mdomo, na Wallahi sitatia chumvi, kwa sababu chumvi ya kwangu imeshanikolea. Majina nimebadilisha. Ujinga ni wangu mwenyewe, huo nimeuacha kama ulivyo.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, sekondari, hapa Pemba. Kwetu ni pembezoni mwa mji wa Chake Chake, na nyuma ya nyumba unapita mto.

Nikisema mto msinielewe vibaya. Masika unajaa kweli. Kiangazi unauvuka na soksi zako mguuni na zinabaki kavu, ilimradi uyajue mawe ya kukanyaga.

Kwenye ukingo wa mto huo mama yangu, Bi Time, alikuwa na mikarafuu mitatu, na kila mmoja alikuwa ameupa jina.

Wa kwanza ni Wa Skuli, maana huo ndio ulionisomesha. Wa pili Wa Bati, ulioezeka nyumba. Wa tatu ni Wa Hijja. Karafuu za Wa Hijja hazikuguswa kwa sukari, wala harusi, wala maradhi. Zilikuwa za kumpeleka mama Makka, na alikuwa amebakiza misimu miwili mitatu afike.

Ushikeni huo Wa Hijja, twendeni.

Siku moja sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akatuita kwenye mkutano. Ulifanyika darasani kwangu kwa sababu ndipo penye projector. Walikuja wataalamu wawili wa kampuni ya ushauri ambayo siitaji. Aliyezungumza ni mhandisi kijana, suti kamili, jasho linamtiririka.

Akawasha presentation. Barabara ya juu, njia nne, juu ya nguzo, inafuata mto kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho.

Picha ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mto mpana, una boti nyeupe. Majengo ya vioo kulia na kushoto. Chini ya nguzo dada mmoja anakimbia mazoezi na mbwa wake.

Mbwa, wakuu. Hapa Chake Chake.

Mhandisi akasema lengo kuu la mradi ni kuondoa foleni.

Tukatazamana. Mzee Hamad, muuza samaki kutoka Kojani, akanyoosha mkono: "Foleni ipi hino, ya siku ya Idd?"

Watu wakacheka, lakini nawaambia ukweli, tuliona raha. Hakuna aliyewahi kutuambia tuna foleni. Foleni ni kitu cha watu wa miji mikubwa, na sasa na sisi tumehesabiwa kuwa nayo.

Mzee Hamad hakukaa. "Na Kojani yafika?"

Kwa msiojua, Kojani ni kisiwa. Kinafikika kwa boti tu. Mhandisi akachungulia laptop yake, akajibu bila kupepesa macho: "Kojani ipo awamu ya pili." Mzee akakaa ameridhika.

Hapo ndipo jirani yetu, Bi Riziki, akauliza swali lililotumaliza.

"Mie nauliza, kuko juu karafuu zitaanikwa?"

Ngoja niwaeleze walio mbali. Karafuu zikishachambuliwa huanikwa juani kwenye majamvi, na lami ndiyo rafiki yetu mkubwa. Msimu wa vuno utaona majamvi yamepangwa pembezoni mwa barabara, na dereva mwenye adabu anayapisha. Maadui ni watatu: mbuzi, kuku na kivuli.

Sasa pigeni picha. Lami iliyo juu hewani. Hakuna mti wa kuitia kivuli. Hakuna mbuzi wa kupanda nguzo ya zege. Jua toka asubuhi mpaka magharibi.

Mhandisi akanong'ona na mwenzake, akatabasamu: "Mahitaji yote ya jamii yamezingatiwa."

Mtu akapiga takbira. Tukaitikia, na mimi sauti yangu ilikuwa miongoni mwa zilizo juu.

Toka siku hiyo hakuna mtu mtaani kwetu aliyeiita barabara. Iliitwa Uwanja wa Juu.

Ikaundwa kamati ya wananchi, mimi nikawa katibu. Nikapewa kofia ngumu na reflector, ile fulana ya rangi ya chungwa yenye mistari inayong'aa.

Wakuu, reflector ile ilinipanda kichwani. Niliivaa darasani. Niliivaa sokoni. Niliivaa kwenye maulidi ya mtoto wa jirani. Ijumaa moja imamu akanivuta pembeni baada ya swala, akaniambia kwa upole: "Maalim, Mungu akuona hata bila hiyo."

Kazi ya kamati ilikuwa kugawa Uwanja wa Juu kabla haujajengwa, tusije tukagombana vuno likifika. Nguzo ya kwanza hadi ya pili, kina Bi Riziki. Ya pili hadi ya tatu, ukoo wa sheha. Nikaandika yote kwenye muhtasari, nikachapa, nikapiga muhuri.

Halafu wakaja jamaa kutoka Micheweni. Huko watu wanalima mwani baharini, na nao unataka kuanikwa. Wakasema barabara ni ya umma, na wao wanataka nguzo zao.

Vikao viwili, wakuu. Vikao viwili vizima tulijadili kama harufu ya mwani itaingia kwenye karafuu. Watu wazima waliacha kusemeshana. Azimio ninalo hadi leo, kwa mkono wangu: "Mwani utaanikwa upande unakoelekea upepo." Nililisoma mbele ya kamati kwa sauti ya taarifa ya habari.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza magari yatapita wapi.

Sasa tunafika kwenye uchungu.

Mhandisi akanipigia simu. Kutakuwa na sherehe ya kuweka jiwe la msingi, wageni wazito watakuja, drone itapiga picha, na jukwaani wanataka mto uonekane wote. "Mwalimu, kuna miti mitatu hapo inaziba view."

Mitatu ipi, mnaijua.

Mkarafuu Pemba haukatwi hivi hivi. Lazima upate kibali, na hata kibali chenyewe watu huona haya kukiomba. Mimi nilikihangaikia mwenyewe, nimevaa reflector. Kikatoka, kwa sababu barua ya mradi ilikuwa na mihuri mitatu, na aliyeitia saini kwa niaba ya wananchi alikuwa katibu.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa barazani anachagua mchele. Nikamweleza, nikamwambia miti hupisha maendeleo, maneno niliyoyaokota kwenye ile presentation.

Akaniuliza jambo moja tu. "Hao watu, mto wenyewe washauona?"

Nikamjibu, mama, hao wana satelaiti.

Akaendelea kuchagua mchele. Akatoa chuya, akatoa kijiwe. Kisha akasema bila kuniangalia: "Weye ndo uliyesoma. Kama wasema iende, naiende."

Nilisomeshwa na mti gani, wakuu? Jibuni wenyewe.

Msumeno wa moto ulimaliza kazi kabla ya adhuhuri. Wa Hijja ulikuwa umeshaanza kutoa karafuu, changa bado. Mti ulipoanguka harufu ilijaa mtaa mzima. Mama hakutoka. Walipoondoka wenye msumeno ndipo akaja na ungo wake, akaokota zile changa moja moja. Akazianika. Zikanyauka, hazikufaa kitu.

Mimi nilisimama pale na kofia ngumu kichwani. Sikumsaidia hata kuokota. Hilo linaniuma kuliko msumeno.

Siku ya sherehe mahema yakapigwa, spika zikafungwa, wageni wakaja. Mhandisi naye akaja, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufika nyuma ya nyumba yetu. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Akashuka na viatu vyake vya kung'aa, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Mwalimu, mto uko wapi?"

"Umeukanyaga, mhandisi."

Akaangalia chini. Akasema "okay", akapanda jukwaani. Jiwe likafunuliwa, drone ikaruka, kuku wakakimbia, watu wakala pilau.

Baada ya hapo, kimya. Simu ya mhandisi ikawa haipatikani. Vigingi vya survey vikang'olewa kimoja kimoja, vikawa vya kufungia mbuzi.

Mwishowe barua ikaja kwa sheha, nami nikaisoma mbele ya kamati. Kwamba mradi umesitishwa, kwa kuwa upembuzi yakinifu uliofanyika umebaini eneo husika halina foleni.

Mzee Hamad akacheka mpaka akashika mbavu. "Si n'liwauliza mie!"

Masika yakaingia. Ule ukingo ulikuwa unashikwa na mizizi ya mikarafuu, na mizizi sasa imekufa. Ukaporomoka. Ukaenda na visiki, ukaenda na jiwe la msingi, ukaenda na nusu ya uwanja wa nyuma wa mama. Leo mto wetu ni mpana, umefanana kabisa na ile picha. Umepungukiwa na mbwa tu.

Funzo, wakuu. Miaka yote nafundisha watoto kusoma ramani, na sikuweza kumwambia mtu mzima mmoja: njoo kwanza uone mto. Ukiambiwa kila kitu kimezingatiwa, taja kitu chako kwa jina, usubiri ujibiwe kwa jina. Mama alikitaja. Mimi ndiye niliyemjibu satelaiti.

Na mtu akikuvisha reflector, jiangalie kwenye kioo kabla hujatoka nayo.

Kama na kwenu kuna kilichokatwa kupisha kitu ambacho hakikuja, kiandikeni hapo chini. Wenye matusi pia karibuni, mama yangu hakunitukana, kwa hiyo nafasi ipo wazi.

EDIT: Naona mmechangia wengi, ahsanteni. Mdau mmoja kauliza kama mama amenisamehe.

Sijui, mkuu. Wiki iliyopita nilimkuta karibu na ukuta wa jiko, mbali na mto, anapanda mche wa mkarafuu. Ameuzungushia vijiti, na juu ya vijiti amevalisha reflector yangu, mbuzi wasiule. Niliitafuta siku nyingi ile.

Nikachuchumaa nimsaidie kufukia. Nikamwambia, mama, huu ndio utakuwa Wa Hijja.

Akaupigapiga udongo kwa kiganja. "Mkarafuu wataka miaka, mwanangu, na mie miaka sinayo. Mti ukizaa, unihijie weye. Nawe usimwachie mtu akaukata."

Nikachukua ndoo, nikashuka mtoni kuchota maji ya kuumwagilia.