Vitabu Visivyojua Njia ya Kisimani

Ukitaka kujua kama mwandishi ni mwongo, mpelekee kitabu chake mama mmoja wa hapa Newala. Jumamosi nilimkuta kwenye chumba cha vitabu, nyuma ya ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, akirudisha alivyoazima. Ni mwalimu, mzaliwa wa Masasi. Aliviweka mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayekagua samaki wa juzi.

"Shikamoo, mama. Umevionaje?" karani wa vitabu akauliza.

"Marahaba. Hiki cha upishi kinasema osha mboga mara tatu, maji umwage. Umwage! Aliyekiandika ni mwanamume huyu."

Karani akageuza jalada. "Hapa pameandikwa Bibi."

"Basi anachotewa maji." Akasukuma cha pili. "Na huyu mpelelezi anahangaika kitabu kizima! Muuaji kaosha sakafu yote usiku ule ule. Sisi maji tunayafuata bondeni, tunayapandisha kichwani. Mtu akiosha sakafu nzima hapa, nani asingemshuku? Angekamatwa kabla ya chai."

"Cha mapenzi je?"

"Binti anaoga kila sura, ndoo hajaishika hata siku moja. Mwanangu, mimi simwamini."

Nilicheka njia nzima. Nyumbani nikaoga vizuri, nikaandika kisa hiki, nikamsomea mke wangu. Hakucheka. Aliitazama karatasi, kisha akazitazama nywele zangu zilizolowa.

"Na hayo uliyooga wewe," akauliza, "kayachota nani?"