Saruji ya Don Delfor

Don Delfor Arancibia amekuwa akifungua maji ya mtaa wetu miaka thelathini na moja, na hajawahi kumpa mtu dakika ya ziada, hata mimi ninayepakana naye ukuta kwa ukuta. Kila Jumatano asubuhi anafika pale kona na baiskeli, reki begani, anainua kilango cha chuma, na maji ya theluji ya milimani yanaingia mitaroni kunywesha miti iliyo mbele ya nyumba zetu. Bila mitaro hiyo mji wetu wa Mendoza ungekuwa vumbi na mawe tu. Mvua kwetu ni mgeni asiyekaa hata kuonja chai.

"Tone likipotea, Olinda," huniambia, "ujue kuna mtu ameibiwa."

Kwa ajili ya matone hayo, miaka kumi na miwili iliyopita alikoroga saruji kwa mikono yake akasakafia mtaro wa upande wetu wote, nyumba nane. Zamani udongo uliyanywa maji njiani; sasa yakawa yanakimbia kama yametumwa dukani. Tulimpigia makofi. Mimi mjinga nilimpelekea na sinia la sambusa za nyama.

Mwaka wa tatu mforosadi wangu, mdogo kuliko yote, ukakauka. Don Delfor akasimama mlangoni kwangu, watu wanasikia, akanusa hewa.

"Ni mafuta yako ya taa hayo, Olinda. Umeuua mwenyewe."

Huku kwetu mwanamke anayejiheshimu husugua vigae vya mbele ya nyumba kwa tambara la mafuta ya taa mpaka ving'ae, na mimi ndiye nilikuwa bingwa wa mtaa. Niliamini. Marehemu mume wangu Aníbal, aliyezoea kukaa chini ya mti ule akinywa majani yake machungu kwa mrija, aliniambia neno moja tu: "Ulisugua mno." Hakulirudia, na mimi sikulisahau. Tangu siku ile sijagusa mafuta ya taa. Vigae vyangu vimekuwa aibu tupu.

Basi Oktoba hii, baridi ilipokwisha, miti ya ng'ambo ya barabara, ambako mtaro bado ni wa udongo, ilichipua yote. Mforosadi wa Don Delfor, jitu lile, ulitoa majani kwenye tawi moja tu. Watu wa manispaa wakaja, wakauchora msalaba mwekundu. Ijumaa bwana miti angekuja na msumeno.

Hofu ikaingia nyumba zote mbili. Mkewe, Nélida, ana moyo mbovu, na daktari alishasema joto litammaliza. Januari nyumba zetu ni tanuri. Pumzi yake yote ya mchana huipata kwenye kiti chini ya mti ule. Don Delfor aliacha kula. Alikuwa akiuzunguka mti, anaugusa, anaondoka, anarudi. Nami dirishani roho juu, najiuliza: Nélida hana nguvu ya kusugua hata sufuria, mafuta ya taa ya nani tena?

Jumatano nikasikia sululu. Nikatoka mbio. Alikuwa akiivunja saruji chini ya mti wake, jasho linamtiririka.

"Don Delfor! Umerukwa na akili? Maji hayatafika kwa wenzako!"

"Nyamaza, Olinda."

"Wewe wa tone lisipotee?"

"Nimesema nyamaza!"

Akaenda kona, akafungua. Maji yalifika kwenye lile shimo yakazama, yakatoa mapovu, yakazama tena. Nyumba saba za chini hazikupata kitu. Nikatazama shimo, nikatazama miti ya ng'ambo, kisha nikatazama kisiki cha mti wangu. Maji tulikuwa tukiyaona yakipita kila wiki, nani angefikiria kiu?

Ijumaa bwana miti alikuwa mwanamke, Graciela, buti mpaka magotini. Akakwangua gome kwa kisu: kahawia. Akashuka: kahawia. Akapiga goti, akakwangua shinani, pakaonekana ukijani mwembamba kama uzi.

"Uhai upo," alisema. "Ila nini kimeufikisha hapa? Ikiwa ni ugonjwa wa mizizi, naukata leo kabla haujaambukiza mingine. Ikiwa ni kiu, naupa mwaka. Na kiu sidhani, maji si yanapita hapa?"

Don Delfor alishika kofia mkononi. Kibarua wake mwenye msumeno akaanza kuvaa glovu.

"Delfor," Nélida aliita kutoka kwenye kiti chake, pumzi fupi. "Sema basi, mume wangu."

Akanitazama mimi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo kilikuwa kimekaa kitini kikisubiri jibu lake.

"Ni kiu," alisema. "Mtaro nimeusakafia mwenyewe. Maji yanapita, hayashuki."

"Umejua lini?" Graciela aliuliza.

"Mwaka wa nne huu." Akaonyesha kisiki changu kwa kofia. "Na ule wa Olinda niliuua mimi. Hayakuwa mafuta ya taa."

Graciela akaufuta msalaba kwa rangi nyeupe. Nélida akalia. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba.

"Miaka minne, Delfor! Aníbal alikufa mwaka juzi. Mwaka juzi! Ungemwambia!"

Alichukua sululu, akaja mbele ya nyumba yangu, akaanza kuvunja saruji kando ya kisiki.

Sikumzuia, wala sikumshukuru. Niliingia stoo, nikalitoa kopo la mafuta ya taa ambalo halijafunguliwa miaka tisa, na tambara. Nikapiga magoti, nikaanza kusugua kigae kile alipokuwa akiweka kiti chake Aníbal.