Maji ya Udhu na Redio ya Aabo

Nikimwaga maji mlangoni kutuliza vumbi, harufu ya mchanga mkavu unaolowa hunirudisha Garissa, kwenye ua wetu. Wenzangu huwakumbusha mvua. Mimi hunikumbusha Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, na kikombe chake cha bati.

Aabo, baba yangu, alikuwa muuza ngozi, lakini ugonjwa wake ulikuwa redio. Yetu aliiunda mwenyewe kutokana na mabaki ya redio tatu zilizokufa. Waya mmoja ulipanda paani, mwingine ukashuka hadi kwenye chuma alichokichimbia uani, nje ya ukuta wa nyumba, pale tulipotawadhia. Kila alasiri kulikuwa na kipindi cha salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mdogo wake, ami yangu Adeer Guled, alivukia huko vita vilipoanza, na Ayeeyo hakujua kama mwanawe yu hai. Tulisikiliza kwa sauti ya chini, maana stesheni ile ingeweza kumpeleka mtu asikorudi.

Basi redio hiyo ilikuwa na vituko. Watu wakishatawadha na kuswali, ilisema vizuri kabisa. Baada ya muda inanong'ona, kisha unasikia mchakacho wa mawimbi tu. Ayeeyo alisema ni baraka ya swala. Aabo, ambaye hakubishana na mama yake, alibadilisha betri, akasugua viungo vya waya, akapanda paani mpaka mabati yakabonyea.

Kisha ikaja amri ya kutotoka nje. Siku nne hakuna aliyekwenda mtoni kuteka maji. Tulipimiwa kikombe kimoja kila mtu kwa siku, na kwa swala tukatayamamu, yaani tulijipangusa kwa mchanga. Redio ikafa kabisa. Swala ipo, baraka haipo.

Siku ya tatu nikaangusha kikombe changu pale ukutani. Nililia kwa kiu, sikufichi. Mara redio ikaanza kusema ndani. Aabo akatoka, akautazama mchanga uliolowa, akajishika kichwa.

"Kumbe si betri," alisema. "Chuma kinataka ardhi yenye maji. Siku zote kilikuwa kinakunywa udhu wetu."

Alasiri ya kesho yake, Ayeeyo alichukua kikombe chake cha siku, akakimimina juu ya chuma polepole, kama anayemnywesha ndama.

"Na wewe utakunywa nini?" nikamuuliza.

"Nimeshakunywa chai kwa jirani, ayeeyo," alinijibu, akiniita kwa jina lake mwenyewe kama bibi zetu wafanyavyo.

Majina yakasomwa, mengi, ya watoto wa watu wengine. Halafu tukasikia: Guled ni mzima, anamsalimu mama yake aliye kando ya Tana. Ayeeyo aliegemea ukuta, midomo yake imekauka hadi kupasuka, akamshukuru Mungu kwa sauti ambayo haikutoka.

Nanyi msinicheke. Siku ile nilinuna hadi magharibi. Anakwendaje kunywa chai kwa jirani bila kunichukua? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema wahenga, na mimi nilikuwa na watoto wangu watatu ndipo nilipokumbuka kuwa siku zile nne hakuna mtu wa nyumba yetu aliyevuka lango la ua.