Udi Ndani ya Lori la Jeshi

Heri mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa majirani wa Likoni.

Mwanangu Salim, fundi wa magari, alifunga AC kwenye lori kuukuu la jeshi alilolinunua mteja wake. Mteja akiridhika, angemletea na malori yake mengine. Watu walikuja kulitazama kama bibi harusi, nami nikaogopa husuda. Salim alipokwenda kumpokea mteja, nikasukuma chetezo cha udi unaofuka chini ya kiti kufukuza jicho baya, nikafunga mlango, nikaenda zangu kusali.

Nikarudi mteja ndio awasha AC. Moshi ukatoka kwenye matundu yote ya hewa baridi.

"Nyaya zaungua!" Salim akapiga kelele. "Wallahi nimekwisha!"

Majirani wakaja mbio na ndoo za mchanga. Mteja akaruka chini. "Fundi, malori mengine sahau!"

Kisha mteja akanusa. "Nyaya gani hizi zanukia udi?"

Salim akapapasa chini ya kiti, akatoa chetezo. "Hiki cha mama!" Mteja akacheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe gari langu zima! Yale mengine nitayaleta, ila mama asiyakaribie."

Moyo wangu ukatulia. Salim akageuka polepole.

"Mama."

"Abee," nikaitika, kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu.