Benki ya Ghorofa ya Pili

Tulikuwa na benki yetu Stockholm. Haikuwa na mlango wala kaunta. Ilifunguliwa Jumapili moja kila mwezi baada ya ibada, sebuleni kwangu mtaa wa Tensta, kati ya sufuria ya sombe, kisamvu chetu, na lundo la makoti. Sisi Wakongo tuliiita likelemba. Mtanzania aliyekuwa nasi aliiita upatu, Mkenya akaiita chama, lakini utaratibu ulikuwa mmoja: kila mtu analeta kiasi kilekile, jumla inachukuliwa na mmoja, mwezi ujao na mwingine, mpaka zamu imzungukie kila aliyekaa pale. Riba hakuna. Karatasi hakuna. Dhamana yako ni uso wako, na uso wako tunauona kila Jumapili.

Mwenyekiti alikuwa Mrundi, dereva wa basi, mtu wa maneno mengi. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wetu Kiswahili katika shule za huko, watoto wanaojibu kwa Kiswidi hata ukiwauliza kama wana njaa, na kwa hiyo kila jambo lenye kuhitaji maelezo lilitupwa kwangu. Siku moja niliwasimulia nilichosoma kuhusu watu weusi wa Marekani. Walipotoka utumwani walianzishiwa benki ya akiba. Wakaambiwa waiamini, wakaweka humo vijisenti vya kufua na kulima, na benki ikaanguka na vijisenti vyao, wala si wao walioiangusha. Baadaye wakafungua benki zao wenyewe, kwa sababu zile nyingine ziliwafungia mlango. Nazo zilihangaika, maana benki ya maskini huwakopesha maskini, na nyumba iliyojengwa mtaa wa weusi ilipewa thamani ndogo hata kama matofali yake ni yaleyale.

Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho, kisha akatangaza kwamba sisi tutafungua yetu palepale Tensta, karibu na duka la samaki, yenye kaunta ya marumaru. "Mzungu akija kuomba mkopo tutamkalisha," alisema. "Tutamwambia, bwana, kitambulisho chako tumekiona, sasa leta cha babu yako." Watu walicheka mpaka mtoto akaamka chumbani.

Asiyecheka sana alikuwa Yaya. Kwetu mashariki ya Kongo, yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Yeye hakuwa dada yangu wa tumbo moja, lakini tulikaa kambi moja ya wakimbizi kabla ya kukutana tena Sweden, na hilo lilitosha. Aliishi mtaa wa Vällingby, ghorofa ya pili, katika jengo la rangi ya mchanga lenye ua wa miti ya tufaha. Alfajiri alipanda basi hadi Spånga, kisha treni mbili kuelekea Märsta, kwenda kusafisha vyoo vya uwanja wa ndege. Alifanya kazi wiki nzima kama mtu yeyote, ila mkataba wake ulisema analipwa kwa saa na ataitwa akihitajika. Kila siku alihitajika. Kwenye karatasi, hata hivyo, alikuwa mtu wa kuitwa.

Sasa nieleze kilichotokea mwaka ule, na nitakwenda polepole, kwa sababu ndipo penye mzizi wa kila kitu. Majengo mengi ya kupanga Stockholm yalikuwa mali ya jiji, na wakati ule jiji lilikuwa linawauzia wapangaji wenyewe. Wapangaji wa jengo wanaunda ushirika, ushirika unanunua jengo kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni, na kila mmoja ananunua haki ya kukaa katika nyumba yake. Kesho yake anaweza kuiuza kwa bei ya soko. Hicho kilichozidi katikati ni chake. Hakukifanyia kazi, alikuwa anaishi tu mahali pazuri siku nzuri. Kwetu Tensta jambo hili lilipita kama uvumi, maana nani angeshindania kununua kwetu? Lakini Vällingby lilifika, likabisha hodi kwa Yaya, likampa tarehe ya mwisho.

Na asiyenunua? Hafukuzwi. Anabaki mpangaji. Ila mwenye nyumba wake sasa si jiji. Ni majirani zake.

Benki ilimwambia Yaya kwamba, kwa kazi ile ya saa, itamkopesha sehemu tu, tena akileta sehemu yake mwenyewe, akiba yake. Bibi wa chini yake, muuguzi mstaafu aliyekuwa akimletea mikate ya mdalasini, alilipa sehemu yake kwa urithi wa dada yake. Kijana wa ghorofa ya tatu, juu yake, alimpigia baba yake simu. Yaya alituambia haya Jumapili ya likelemba, bila wivu. Alikuwa anatueleza jinsi wengine walivyofanya, ili nasi tufikirie.

Jumapili hiyo aliomba kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiomba: apewe zamu yake pamoja na za wote waliomfuata. Aliomba akiwa amesimama, mikono ameifungia nyuma kama mtoto wa shule. Mwenyekiti alikuwa anangoja zamu yake ili amjengee mama yake kaburi Bujumbura. Alisema tu kwamba mama yake amelala, hana haraka.

Tukaafikiana. Na hapo tukafanya kosa ambalo watu kama sisi tu tungelifanya. Siku zote fedha zetu zilipita mkono kwa mkono, juu ya sahani. Safari hii, kwa kuwa ni jambo kubwa, tulitaka kulifanya kwa heshima, kama Waswidi. Mwenyekiti akaagiza kila mtu atume kwa benki, wote siku moja, na aandike ujumbe ili wajue si fedha za wizi. Tukatuma. Mmoja akaandika zamu yako, mwingine Mungu abariki nyumba, mwingine hongera Yaya. Zilitua kwenye akaunti yake asubuhi moja kama njiwa.

Akaunti ikafungwa siku hiyohiyo.

Nilimsindikiza benki ili nitafsiri. Afisa wetu alikuwa mwanamke mpole, alitupa maji, akafunga mlango tusisikiwe. Aliuliza kama hizi ni akiba za Yaya. Yaya akasema ni zamu yake. Afisa akauliza kama atazirudisha. Hapana, Yaya alisema, atawatolea wengine zamu zao zikifika. Basi ni deni, afisa alisema, na sehemu yake mwenyewe haiwezi kuwa deni. Tena watu hawa ni wengi, wa nchi nne, hawana jina la ukoo linalofanana. Nani anaendesha shughuli hii, na ana kibali?

Nikaeleza. Niliichora likelemba kwenye karatasi yake, duara na vichwa, kama ninavyowachorea watoto. Nikamkumbusha kwamba kijana wa ghorofa ya tatu alipewa na baba yake na hakuna aliyeuliza. Nikamweleza kuwa Yaya baba yake aliuawa, na hawa ndio waliobaki kuwa baba. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wote.

"Nimekuelewa kabisa," alisema. "Ni kitu kizuri sana. Lakini humu hakina mahali pa kukaa." Akagonga skrini kwa ukucha, taratibu.

Nimekutana na watu wengi wasioelewa, na kwao nina subira, kwa sababu asiyeelewa anaweza kufundishwa. Huyu alielewa.

Tarehe ya mwisho ilipita wakati uchunguzi ukiendelea. Baadaye akaunti ikafunguliwa, fedha zote zipo, hata krona moja haikupungua, pamoja na barua ya kushukuru kwa uvumilivu. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyevunja sheria. Nakuomba ukumbuke hivyo mtu akikuuliza tofauti ya utajiri kati ya watu inatoka wapi, akitegemea utamtajia mwizi.

Yaya alirudisha zamu za watu. Lakini baadhi yetu nao walikuwa wameitwa na benki zao, wakaulizwa kuhusu mtandao huu, na mwanamume mmoja aliyekuwa akingoja uraia aliogopa, akaacha kuja. Wengine wakafuata. Mwenyekiti alikuja Jumapili ya mwisho, akakuta mimi, Yaya na sufuria. Akajaribu mzaha wake wa kaunta ya marumaru, akaukatisha katikati, akala akaondoka.

Majira ya machipuko yaliyofuata, Yaya aliniita tukafanye usafi wa ua. Jengo zima hutoka siku hiyo, watu hukwangua majani kwa reki, kisha huchoma soseji. Yaya alileta mandazi. Kijana wa ghorofa ya tatu, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wa ushirika, alikuwa anawatembeza mke na mume waliotoka kununua nyumba ya kona kwa bei ambayo Yaya hakuiamini mpaka nilipoirudia. Mke aliuliza habari za deni la ushirika, ule mkopo ulionunulia jengo. Kijana akainua soseji yake kuelekea dirisha la ghorofa ya pili, lenye pazia la kitenge.

"Msiwe na wasiwasi," alisema. "Ile pale bado ni ya kupanga. Siku ikiwa wazi tunaiuza, na deni linapungua. Ile ndiyo akiba yetu ya benki."

Hakuwa ananong'ona. Yaya alikuwa hatua chache kutoka pale, ameshika reki. Bibi wa chini alitazama majani.

Tulipopanda juu, Yaya alivua viatu, akakaa, akaniambia nimweleze kama ninavyoeleza darasani, asibaki na neno. Nikamweleza. Kwamba atalipa kodi kwao maisha yake yote. Kwamba hawawezi kumtoa. Kwamba siku atakapohama, au nyingine yoyote itakayoiacha nyumba tupu, thamani yote itakuwa yao.

"Kwa hiyo wananingojea nife," alisema.

"Wanaingojea nyumba, Yaya."

"Mwalimu. Usinipambie."

Baadaye majirani walitaka kumpa fedha ahame. Kwa mtu anayesafisha vyoo zilikuwa nyingi; kwa nyumba ile zilikuwa kama bakshishi. Akakataa, kwa adabu, akawapa chai. Bibi wa chini akaendelea kumletea mikate, na kumuuliza afya yake, magoti yake, kama amemwona daktari. Nadhani aliuliza kwa wema. Nadhani hata yeye hakuwa na hakika tena.

Mara ya mwisho nilipomtembelea majira ya baridi, alikuwa amedhoofu, na kikohozi alichokipata kwenye dawa za kusafishia kilikuwa kimeshuka kifuani. Tulikuwa tunazungumza habari za watoto. Katikati ya sentensi aliinua kidole, akainuka, akashika ukuta mpaka bafuni. Nikasikia bomba likifunguliwa kwa nguvu yote. Nikadhani ananawa. Maji yalitiririka muda mrefu, na ndani ya maji nikasikia, mbali kama mtu aliye kisimani, anakohoa, anakohoa.

Alirudi akijifuta mdomo, akaketi, akavuta kikombe chake.

"Sakafu hizi ni nyembamba," alisema. "Nisiwape matumaini bure."