Mkono Ulikufa Kabla ya Ngumi

Naitwa Etyang, mzee wa Moding. Darasa la tatu nilitoka na sikurudi tena. Binti yangu ndiye anashika kalamu, lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyalainisha. Kama umepigwa na kiharusi, au uko na mtu wako amelala nacho ndani ya nyumba, soma mpaka mwisho. Kama wewe ni wa kuchukizwa na mate na mkojo, wachia hapo.

Nilikuwa mtu wa nguvu. Malaba, pale malori yanapopanga foleni kuingia Uganda, nilibeba magunia kabla ndevu hazijaota. Mahindi, chumvi, saruji. Saruji inakula ngozi ya shingo mpaka inakuwa kama soli ya kiatu. Kwa shingo hiyo nilinunua shamba, nikajenga nyumba za kupangisha, nikafuga ng'ombe. Hakuna mtu alinipa. Na kupigana nilipigana, kwa sababu pale mpakani ukionekana mnyonge mzigo wako unabebwa na mwingine. Niliyepigana naye mgongo kwa mgongo aliitwa Okiru. Huyo tulibeba pamoja, tukazeeka pamoja, na boma lake liko juu ya kilima, ng'ambo ya kijito kutoka kwangu. Lishike hilo jina.

Ilikuwa Jumapili alasiri, tumekaa kwa jirani tukinywa ajono, pombe yetu ya wimbi. Chungu kinawekwa katikati na kila mzee ana mrija wake mrefu. Sisi Wateso tuna sheria hapo. Mrija unashikwa kwa mkono wa kulia, hata kama kulia kuna kidonda. Na hupulizi ndani ya chungu. Ukipuliza, umewatemea wote waliokaa.

Nilikuwa sijavuta hata ya kukata kiu. Mkono wangu wa kulia ukaondoka. Sina njia nyingine ya kusema. Haukuuma. Ulianguka juu ya paja kama samaki, nikauangalia nikajiuliza huu ni wa nani. Mrija ukaanguka. Nikauokota kwa kushoto.

"Etyang, mkono!" mtu akasema.

Nikavuta. Mdomo haukushika. Pombe ikamwagika kifuani, na pumzi yangu ikarudi ndani ya mrija. Chungu kikatoa povu, bu-bu-bu, na wazee wote wakanigeukia.

Okiru alikuwa kando yangu. "Wewe mzee! Kushoto, halafu unatutemea? Sisi ni mbwa wako?"

Nilitaka kumwambia, ndugu yangu, nisaidie, kuna kitu. Kilichotoka ni mlio wa ndama. Yeye akadhani namwiga.

"Unanicheka?" Akanizaba kofi.

Mimi sikuwahi kupigwa kofi nikakaa. Niliinuka kwa mguu mmoja, wa pili sikuujua uko wapi, nikamtandika pua kwa ngumi ya kushoto. Damu ikamruka. Naye akanirudishia moja ya kando ya jicho, ngumi ya mtu wa magunia, nikaenda chini na kichwa kikapiga jiwe la jiko. Nilisikia mfupa unalia. Damu ikaingia machoni.

"Amelewa huyo," wakasema. "Mvuteni kando alale."

Wakanivuta kwa miguu mpaka kando ya ghala. Nzi wakaja. Kuku akaja kudonoa damu kwenye sikio langu na sikuweza kumfukuza. Niliwasikia wazee wakicheka na wakivuta. Jua likahama, nikajikojolea, nikasikia ule moto ukishuka upande mmoja tu wa mapaja. Upande wa pili haukujua.

Mke wangu Amoit ndiye aliniona. Alikuja kunichukua na wilbaro ya kubebea mbolea, akiwa na matusi tayari. Akainama, akaona uso wangu upande mmoja umeshuka kama mshumaa. Akapiga kelele mpaka wazee wakaachia mirija.

"Huyu hajalewa! Angalieni mdomo! Nyinyi mnakunywa na mtu anakufa hapa!"

Hospitalini walinipiga picha ya kichwa kwa mashini. Daktari kijana akawaita watu wangu.

"Ni kiharusi. Mshipa umeziba ndani ya ubongo. Kile kidonda cha nje tumeshona, hicho si tatizo."

Mtoto wangu mkubwa, Ekisa, ni mtu mzima, ana watoto wake, na ana hasira yangu. Akasema, "Daktari, mzee alitoka nyumbani akitembea. Akapigwa, akaanguka, hakuinuka. Sasa unatuambia mshipa?" Akaja kitandani, akaniinamia. "Baba, nani alikufanyia hivi?"

Nilitaka kusema hakuna mtu. Nilitaka kusema mwacheni Okiru, mkono ulikufa kabla hajanigusa. Maneno yote yalikuwa kichwani, yamepanga foleni kama malori, na geti likafunguka kwa moja tu.

"Okiru," nikasema.

"Mmesikia?" Ekisa akawaambia wenzake. "Mmesikia kwa mdomo wake?"

Alirudi kesho yake akinuka moshi. Akakaa karibu na kitanda changu, mtoto mzuri, akinipa uji kwa kijiko, akaniambia walichofanya. Walichoma nyumba ya Okiru. Ng'ombe wake wa maziwa alikatwa mishipa ya miguu ya nyuma, akalala chini akilia. Okiru mwenyewe walimshika, wakaweka mkono wake juu ya kizingiti, wakauvunja kwa rungu. Alivuka mto kuingia Uganda mkono ukining'inia.

"Ukifa, baba, tutamfuata huko huko. Na akirudi huku, hata kama hujafa, tutammaliza."

Nikalia. "Okiru! Okiru! Okiru!"

"Tulia, baba. Nimekusikia. Hatutasahau."

Ndugu msomaji, huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu. Mguu ningeuvumilia. Lakini kila nilipofungua mdomo kumtetea mtu, nilikuwa namtupia jiwe. Mtu angeuawa, na silaha ni ulimi wangu.

Wakanirudisha nyumbani, na nyumbani heshima ikaanza kuniua polepole. Mzee asiguse kitu. Mzee alishwe. Mzee ageuzwe. Nilioza mgongoni. Amoit alikuwa akiosha kidonda, anafunga pua na leso, analia kwa siri nisimwone. Mkono wa kulia ukajikunja kifuani kama mguu wa kuku aliyechomwa. Wageni walikuja kunisalimia kwa sauti ya matanga.

Halafu mama mmoja wa kanisani akamwambia Amoit kwamba Amagoro kuna profesa, daktari wa wazee. Mimi nilijua daktari wa watoto, wa macho, wa meno. Wa wazee sikuwa nimesikia. Wakanibeba.

Ni mwanamke, mzaliwa wa Funyula, nywele nyeupe, miaka yake na yangu haiachani sana. Alikuwa na ukumbi mkubwa, na ndani si vitanda. Ni mabenchi, magunia ya mchanga, mitungi ya maji, ngazi za mbao. Akapima presha, akabadilisha dawa, akaangalia kidonda akatukana kidogo. Kidonda kilipofunga na presha ikashuka, akasema, "Sasa mzee, simama."

"Profesa, hawezi," Amoit akasema.

"Mama, sijakuuliza wewe. Nimemwambia mzee."

Akanifunga mkanda kiunoni, akanivuta juu. Magoti yakapiga ngoma. Nikajikojolea mbele ya watu, kwenye kiatu chake.

"Mkojo unaoshwa. Simama."

Nikampiga. Kofi la kushoto, miwani ikaruka mpaka ukutani. Watu wakashika vichwa. Yeye akaiokota, akaifuta na koti.

"Kumbe wa kushoto ni mzima. Kesho unipige na wa kulia."

Nilimchukia yule mama kwa moyo wote. Nyumbani nililala nikiutukana mkono wangu, nikiuambia amka, amka tumpige. Na kidole gumba kikacheza. Amoit alikiona pia.

Profesa alinieleza maisha yake nikiwa nahema kwenye benchi. Alipomaliza udaktari, alisema anataka kutibu wazee, wenzake wakamcheka, wakamwambia atakuwa daktari wa kufunga macho ya maiti. "Nao walikuwa karibu kusema kweli," akaniambia. "Nilichoka kusaini vifo vya watu waliouawa na godoro. Kiharusi kiliwaacha hai, kitanda kikawamaliza." Basi akaingia utafiti. Wagonjwa wa kiharusi anawagawa makundi mawili. Hili linapata matibabu ya kawaida, lile linaongezewa mazoezi ya kutoa jasho, na anapima nani anatembea, moyo unapiga vipi, nani anaweza kujipeleka choo. Mikutanoni wakubwa walisimama wakamuuliza kama anataka kuua wazee kwa kuwakimbiza. Hilo swali limekula maisha yake yote. Amelijibu Ulaya, amelijibu chuo kikuu akifundisha madaktari, na sasa anataka kujua kama gunia na ngazi vinaweza kufanya kazi ya zile mashini ambazo huku hakuna. Mimi nikawa mmoja wa wale anaowapima, kundi la jasho.

Na jasho lilitoka. Kuinuka kwenye benchi bila kushika kitu mpaka mapaja yanawaka. Kuburuta mchanga. Kupanda ngazi na kushuka, mguu mbovu ukikwaruza kama jembe butu. Nilitapika. Nilianguka nikapasua mdomo, akanifundisha namna ya kuinuka, goti la upande mzima kwanza. Kila siku alipima presha kabla hajanigusa, na ikiwa juu ananifukuza, "Leo hapana." Na siku mkono wa kulia ulipoinuka ukampiga begani, kofi bovu la mtoto, alicheka akapiga makofi peke yake.

Ni yeye aligundua habari ya lile neno. Aliinua kijiko, akaniuliza ni nini.

"Okiru."

Akainua sahani. "Okiru." Akamshika Amoit bega. "Na huyu?"

"Okiru," nikasema, machozi yananitoka.

Akamgeukia Ekisa, ambaye siku hiyo ndiye alinileta. "Umeona? Hilo jina limekwama tu. Mzee hamshtaki mtu."

Ekisa akamjibu kwa adabu kabisa. "Profesa, asante kwa miguu ya mzee. Mambo ya ukoo tuachie."

Halafu mama yake Okiru akafa. Mtoto lazima azike. Okiru akavuka mto kurudi, na vijana wetu wakamwacha azike, kwa sababu kaburi linaheshimiwa. Walikuwa wanangoja udongo ujae tu. Tulikuwa Amagoro simu ya Amoit ilipolia. Alisikiliza, akakaa chini.

"Wamemshika," akasema. "Ekisa na wenzake. Kule kule matangani."

Nikasimama. Amoit akanishika shati, "Utaanguka ufe njiani." Profesa akanipima, akaangalia namba.

"Hii si sehemu ya utafiti wangu," akasema. "Lakini kile kilima hakizidi ngazi zangu. Nenda polepole. Mama, kaa nyuma yake."

Bodaboda ilitufikisha kwenye kijito, zaidi ya hapo pikipiki haipandi. Nikapanda kwa miguu yangu. Nilianguka. Goti la upande mzima kwanza, nikainuka. Nikaanguka tena kwenye mawe, nikatoboa kiganja, nikainuka. Kelele nilizisikia kabla sijaona watu.

Okiru alikuwa chini, amefungwa kamba ya ng'ombe, meno ya mbele hayapo, kinywa kimejaa damu. Ule mkono wa zamani ulikuwa umepona vibaya, umepinda. Ekisa alisimama juu yake na panga. Alinitazama natembea, na uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Mzee mwenyewe! Mpeni nafasi! Baba, sema neno moja tu."

Neno moja nilikuwa nalo. Kila mtu pale alilijua. Nikauma meno. Nilijua nikifungua mdomo litatoka lenyewe, na panga litashuka.

Chungu cha matanga kilikuwa pale, na mirija, na wazee wale wale. Nikaenda nikakaa. Nikashika mrija kwa kulia, nikauachilia uanguke. Mkono nikautupa kwenye paja kama samaki. Mrija nikauokota kwa kushoto. Nikapuliza. Bu-bu-bu. Halafu nikamwangalia Okiru, na hapo ndipo nikajizaba kofi mwenyewe.

Nikarudia yote. Mrija chini. Kushoto. Povu. Kofi.

Mzee Omuse, ambaye siku ile alikaa mkabala na mimi, akasimama. "Ngojeni! Weka hilo panga chini, Ekisa. Alishika kushoto kabla hajapigwa. Si ndiyo sababu alipigwa? Mimi ndiye nilimwambia, Etyang, mkono!"

Na geti likafunguka.

"Mkono," nikasema. Lilitoka na mate. "Mkono... kwanza. Okiru... nyuma."

Ekisa alikaa chini kama aliyekatwa miguu. "Baba, kumbe siku zote ulikuwa unamtetea?" Amoit ndiye alifungua ile kamba, kwa meno, kwa sababu fundo lilikuwa limekaza.

Nyumba ya Okiru wanangu wameijenga upya kwa mikono yao, na yule ng'ombe wamemlipa. Okiru hajawasamehe wote, na sijamlazimisha. Lakini tunaenda pamoja Amagoro, yeye na mkono wake uliopinda, mimi na mguu wangu, na profesa anatutukana sawasawa. Namshukuru Mungu. Namshukuru Amoit na wilbaro yake. Namshukuru yule mama niliyempiga kofi. Nimebeba tena gunia, la mchanga, dogo, lakini gunia.

Wewe uliyelala, mwambie daktari akupime, kisha inuka utoke jasho. Dawa ya presha usingoje kuumwa ndiyo umeze. Watu wako wakikuhurumia sana, wafukuze.

Mimi pombe nimekatazwa, nakaa tu na wazee. Na pale kwetu sheria ya chungu bado iko. Kulia ni kulia. Lakini siku hizi mtu akishika mrija kwa kushoto, hakuna anayekunja ngumi. Anaambiwa kwanza, "Wewe, inua mikono yote miwili." Akishindwa, tunaacha pombe tunakimbia naye hospitali.